Wamejuaje? Mifupa ya wanyama wa kale na namna inavyosomwa

Kila ikitoka habari kwamba kuna mifupa ya kale imefukuliwa mahali fulani, watu mtandaoni wanagawanyika makundi mawili fasta. Kundi la kwanza linasema wanasayansi wanatupiga fiksi, haiwezekani mtu aokote kipande cha mfupa saizi ya kidole alafu aanze kukuhadithia kwamba miaka milioni moja na kitu iliyopita hapa palikuwa na ziwa na watu walikuwa wanakula hiki na kile. Kundi la pili linaamini kila kitu, tena linaongeza chumvi, ukitaja mfupa wa kale tu wenzako washafika kwenye dinosaria na jinsi watakavyofufuliwa kwa DNA. Makundi yote mawili yanaruka swali moja: huo mfupa ulifikaje pale ulipokutwa? Hilo swali ndo kazi yenyewe. Umri, DNA, chakula, hali ya hewa, vyote vinakuja baada ya hapo, na ukikosea hapo basi vyote vinavyofuata vinakuwa hadithi tu.

Tunyooshe maneno kwanza maana fujo nyingi inaanzia kwenye maneno. Masalia ya wanyama ni chochote walichoacha: mifupa, meno, pembe, miiba ya samaki, makombe ya konokono na chaza, maganda ya mayai, manyoya, hata mavi yaliyokauka. Kisukuku ni masalia yaliyolala ardhini muda mrefu sana mpaka madini yakaingia ndani yake na kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya kile kilichokuwepo, kinakuwa kizito, ni kama jiwe. Kwa hiyo mfupa wa mbuzi wa miaka elfu tatu mara nyingi bado ni mfupa kabisa, sio kisukuku. Paleontolojia inasoma viumbe wa kale wote kwa ujumla. Akiolojia inasoma binadamu kupitia vitu alivyoviacha. Hapo katikati kuna fani inaitwa zuakiolojia, wanaosoma masalia ya wanyama ili wamjue binadamu aliyeishi nao na mazingira waliyokuwa wanagawana, na hiyo ndo mada yetu. Dinosaria hawamo humu kabisa. Wale walishapotea miaka milioni 66 iliyopita (ndege ni ukoo wao, najua, ila tuache hiyo), wakati zana za mawe za zamani kuliko zote zinazojulikana, zilizopatikana Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana, zina miaka milioni 3.3 hivi. Hakuna siku binadamu na dinosaria walipishana njiani.

Sasa fikiria mtu asiyekujua anapekua jalala la nyumbani kwenu la miaka hamsini. Sura yako haioni, sauti yako haisikii, anachoona ni ulichokula ukatupa. Alafu hata hicho hakioni chote, mbwa walishapita wakabeba mifupa laini, mvua imesomba baadhi, kuna jirani naye alikuwa anatupa takataka zake hapo hapo, na kuna paka alifia pembeni mwenyewe bila kuliwa na mtu. Akiwa mzembe atasema familia hii ilikuwa inakula paka. Akiwa makini atatenganisha kipi kimetoka jikoni, kipi kimeletwa na mbwa, kipi kimejifia, na hapo taratibu ataanza kuona kama nyumba ilikuwa na watu wengi au wachache, mambo yalikuwa safi mwaka gani na yalikaza mwaka gani. Sehemu kubwa ya mifupa inayokutwa kwenye makazi ya watu wa kale ni takataka za namna hiyo. Na takataka zina uzuri wake, mfalme anaweza kuchonga ukutani kwamba alishinda vita ambavyo alipigwa, ila hamna mtu aliyewahi kutupa mfupa ili vizazi vijavyo vimsifu.

Mambo yote yanayoukuta mfupa kuanzia mnyama anapokufa mpaka siku unafukuliwa yana elimu yake, inaitwa tafonomia, jina alilolitoa mwanasayansi wa Kisovieti Ivan Efremov mwaka 1940. Kuliwa, kutafunwa, kukanyagwa, kuchomwa na jua, kusombwa na maji, kulainishwa na tindikali ya udongo, kuguguniwa na nungunungu (nungunungu wanapenda sana kukusanya mifupa na kuitafuna, wamewachanganya watafiti wengi hao). Ukielewa tafonomia unaanza kuelewa kwa nini hawa watu wanabishana sana, na kwa nini kubishana kwao ndo kunafanya kazi yao iaminike.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa Afrika Kusini. Raymond Dart, yule aliyetangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa hao mababu zetu wa mbali lililotoka Taung, maarufu kama mtoto wa Taung, alikuja kusoma mifupa mingi sana kutoka pango la Makapansgat. Akaona kitu cha ajabu. Mifupa ya swala ilikuwa haijakaa kwa uwiano, kuna sehemu za mwili zilikuwa nyingi mno na nyingine karibu hazipo, kwa mfano mfupa wa mguu wa mbele wa juu, ncha yake ya chini ilikuwa imejaa tele lakini ncha ya juu inayoungana na bega ilikuwa adimu. Dart akasema hapa kuna mtu alikuwa anachagua, na mtu mwenyewe ni hawa mababu zetu wa mbali, waliokuwa wanatumia mifupa kama marungu, mataya kama misumeno, pembe kama majambia. Kwa hiyo akajenga picha ya babu mkali, muuaji, mwenye damu mikononi, na hiyo picha iliwakaa watu kichwani kwa miaka mingi.

Akatokea mwenzake, Bob Brain, akafanya kitu cha kawaida mno. Alienda kwenye vijiji vya wafugaji wa mbuzi kando ya Mto Kuiseb huko Namibia, akakusanya mifupa ya mbuzi iliyotupwa baada ya watu kula na mbwa kumalizia. Watu wale walikuwa wanachinja mbuzi mzima, wanakula mbuzi mzima, hamna aliyekuwa anachagua silaha. Lakini mifupa iliyobaki ardhini ilikuwa na uwiano ule ule karibu na wa Makapansgat! Ncha ya chini ya ule mfupa wa mguu ilikuwepo kibao, ya juu hamna. Mataya yamejaa. Sababu ni nyepesi tu, ncha ya chini ni ngumu na imekomaa mapema, ya juu ni laini, ina mafuta, mbwa anaimaliza dakika mbili. Kumbe uwiano ule hauhitaji mtu mwenye nia yoyote, unahitaji meno na muda.

Brain hakuishia hapo. Kwenye pango la Swartkrans kulikuwa na kipande cha fuvu la mmoja wa hao hao ndugu zetu wa kale, bado mdogo, lina matundu mawili nyuma. Mtu mwenye haraka angesema amepigwa na silaha. Brain akachukua taya la chui, meno yake mawili marefu ya chini yakaingia kwenye yale matundu kama yalivyo. Huyo mtoto alikuwa amebebwa na chui. Na mtoto wa Taung mwenyewe, mwaka 1995 watafiti wakaja na hoja kwamba aliuawa na tai mkubwa, maana mifupa ya wanyama wadogo iliyokutwa naye na alama zilizopo kwenye fuvu vinafanana na mabaki ya chini ya viota vya tai wanaokula nyani. Yaani wale waliodhaniwa ni wawindaji wakali walikuwa kitoweo.

Haya, kwa hiyo utajuaje kama mfupa ulipita mikononi mwa mtu? Alama. Jiwe lenye makali likikata nyama na kugusa mfupa linaacha mfereji mwembamba, ukiupeleka kwenye hadubini unaona una umbo la V na ndani yake kuna vimistari vidogo vinavyokwenda sambamba. Jino la fisi au simba linaacha mfereji mpana wenye sakafu ya mviringo, na vishimo pale lilipobana. Mtu akitaka uboho anaupiga mfupa katikati kwa jiwe, unabaki na kovu la kipigo na kibanzi kinachoruka kwa ndani, wakati fisi anaanza kwenye ncha na kumeng'enya kuelekea katikati. Saa nyingine unakuta alama ya jiwe imepita juu ya alama ya jino, au kinyume chake, hapo unajua nani alikuwa wa kwanza kufika kwenye mzoga na nani alipata makombo.

Olduvai ndo darasa la hii kitu. Kwenye eneo ambalo Mary Leakey aliliokotea fuvu maarufu la Zinjanthropus (ndugu mmoja wa kale wa binadamu) mwaka 1959 kulikuwa na maelfu ya vipande vya mifupa na mawe yaliyochongwa, umri wake unakaribia miaka milioni 1.84. Kwa miaka ishirini watu walisema tu bila kuangalia kwa karibu, mawe yapo, mifupa ipo, basi walikuwa wanawinda. Mwaka 1981 ndo watafiti wakatoa ushahidi wa alama za kukata kwenye mifupa yenyewe, kumbe kweli mawe yalikuwa yanagusa nyama. Lakini swali halikuisha, maana kukata nyama sio kuwinda, hata anayeokota mzoga wa simba anakata. Hapo ukaanza ubishi wa miongo kadhaa. Wanaosema waliokota wanaonyesha alama za meno ya wanyama kwenye mifupa hiyo hiyo, wanaosema walipata mnyama mzima wanaonyesha kwamba alama za kukata zipo kwenye mifupa ya paja na ya mguu wa mbele, sehemu ambazo simba akila anaanza nazo, sasa kama simba alishazimaliza huyu mtu alikuwa anakata nini? Mimi naona hawa wa pili wana hoja nzito zaidi, ila upande wa kwanza haujakaa kimya na ni vizuri usikae.

Ukitaka kuona hatari ya kukimbilia, angalia Dikika kule Ethiopia. Mwaka 2010 ilitangazwa mifupa miwili yenye alama za kukata, umri wake miaka milioni 3.4, maana yake watu wa kabla yetu walikuwa wanachinja mapema kuliko ilivyodhaniwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Habari ikazunguka dunia nzima. Wengine wakajibu kwamba kwato za wanyama zikikanyaga mfupa uliolala kwenye mchanga wenye chembe kali zinaacha mikwaruzo inayofanana sana na kisu cha jiwe, wengine wakamleta mamba. Waliotangaza wakatetea. Mpaka leo hiyo mifupa miwili inagombaniwa.

Kuna kosa lingine linapendwa sana, la kuhesabu. Ukisikia "vipande 500 vya mifupa ya ng'ombe" usije ukasema walikuwa na ng'ombe 500. Ng'ombe mmoja ana mifupa zaidi ya 200, na kila mfupa ukivunjwa unatoa vipande kadhaa, kwa hiyo hao 500 wanaweza kuwa ng'ombe wachache tu. Wanachofanya ni kutafuta idadi ndogo kabisa inayowezekana, mfano ukikuta mataya ya kushoto matano basi walikuwepo angalau watano, mnyama hana mataya mawili ya kushoto. Lakini hiyo nayo ina shida zake, ndo maana wanaripoti hesabu zote mbili, vipande na wanyama, alafu ugomvi unaendelea.

Kujua ni mnyama gani ni kazi ya kulinganisha, maabara zinakuwa na makabati yaliyojaa mifupa ya wanyama wanaojulikana, unachukua kipande chako unakipitisha kimoja baada ya kingine. Mbuzi na kondoo wanatesa watu vibaya sana, mifupa yao inakaribia kufanana kabisa. Na vipande vidogo vilivyosagika zamani vilikuwa vinawekwa tu kwenye mfuko ulioandikwa "haijulikani". Siku hizi kuna njia ya kupima kolajeni, hiyo ni protini inayoushikilia mfupa, kila jamii ya wanyama kolajeni yake ina tofauti ndogo ndogo, kwa hiyo kipunje kidogo tu kinatosha kusema huyu alikuwa mbuzi na huyu kondoo. Kwa njia hiyo hiyo pango la Denisova, Siberia, walipima vipande zaidi ya elfu mbili visivyojulikana na kimoja kikajibu kwamba ni cha jamii ya binadamu. DNA yake ilipotoka mwaka 2018 ikawa binti ambaye mama yake alikuwa Neandertali na baba yake Mdenisova, jamii mbili tofauti za watu! Kilikuwa kimelala kimechanganyika na vipande vya mifupa ya wanyama.

Sasa tuje kwenye meno, maana kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kufukua ningechagua taya. Meno yanatoka kwa ratiba, yanasagika kwa ratiba, kwa hiyo yanakuambia mnyama alikuwa na umri gani alipokufa. Mfupa nao unasaidia, mnyama mdogo ncha za mifupa yake zinakuwa hazijaungana na mfupa wenyewe, akikomaa zinaungana. Peke yake umri wa mbuzi mmoja hauna maana, kusanya mia moja uone. Mwaka 1973 Sebastian Payne alieleza vizuri kwamba umri wa kuchinjwa unaonyesha mfugaji alikuwa anataka nini. Anayetaka maziwa anawaondoa madume wakiwa wadogo sana ili wasimalize maziwa. Anayetaka nyama anasubiri madume yakaribie ukubwa wake wa mwisho, baada ya hapo wanakula majani tu bila kuongeza kitu. Anayetaka sufu anawaacha wazeeke. Zote tatu zinaacha majalala tofauti.

Hii ndo iliyofumbua fumbo la mwanzo wa ufugaji wa mbuzi. Zamani walikuwa wanasema mifupa ikianza kuwa midogo basi mnyama keshafugwa, kwamba kufugwa kunawadumaza. Kwenye kijiji cha Ganj Dareh, milima ya Zagros nchini Iran, kwenye tabaka za miaka elfu kumi hivi, Melinda Zeder na Brian Hesse walipotenganisha majike na madume waliona kitu kingine kabisa, madume yalikuwa yanachinjwa yakiwa machanga na majike yanaachwa yakomae wazae. Mwindaji hafanyi hivyo, mwindaji anatafuta dume kubwa lenye nyama. Na ule udogo wa mifupa? Ulitokana na kwamba mifupa iliyokomaa ilikuwa ya majike wengi, na jike ni dogo kuliko dume toka enzi. Mbuzi hawakuwa wamedumaa, ila waliobaki wakubwa walikuwa wanawake.

Sio kila mnyama aliyekaa na mtu aliliwa lakini. Huko Oberkassel, Ujerumani, kwenye kaburi la miaka kama 14,000 iliyopita walizikwa mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga, na meno ya huyo mbwa yana kasoro zinazoonyesha aliugua sana kwa wiki kadhaa, bila mtu wa kumhangaikia asingefika umri aliofia. Na kisiwa cha Kupro, miaka 9,500 iliyopita, paka alizikwa karibu na mtu. Kupro haikuwa na paka wa asili, kwa hiyo kuna mtu alimpandisha kwenye chombo akavuka naye bahari.

Mpaka hapa tumeongelea watu. Mazingira je? Hapa wanyama wakubwa sio mashahidi wazuri sana, kwa sababu mwindaji anazunguka mbali na anachagua. Panya ndo wa kuwaamini, na konokono. Panya anaishi kwenye eneo dogo, kila aina ina mambo yake, huyu anataka nyasi ndefu, yule anataka mawe na ukame, mwingine kando ya maji. Na wanaletwa pangoni na bundi, anameza panya mzima kisha anatapika donge la manyoya na vijifupa, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, chini ya kiota panajaa kumbukumbu ya hali ya hewa. Aina za panya zikibadilika tabaka hadi tabaka unajua nje ya pango majani yalikuwa yanabadilika. (Ndio, bundi naye ana anachokipenda, inabidi ujue ni bundi gani.)

Ila kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha samaki kwenye jangwa. Kwenye milima ya Acacus, kusini magharibi mwa Libya, katikati ya Sahara, kuna pango linaitwa Takarkori. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi wa mabaki zaidi ya 17,000 ya wanyama kutoka humo, na sehemu kubwa mno ilikuwa ni samaki, kambare na perege. Samaki! Mahali ambapo leo maji ya kunywa ni mtihani. Kwenye tabaka za mwanzo, kuanzia kama miaka 10,000 iliyopita, samaki walikuwa wanakaribia asilimia 90 ya mabaki yote, kwenye tabaka za mwisho, chini ya miaka 6,000 iliyopita, walishuka mpaka kama asilimia 40 na mifugo ikawa imeongezeka. Kuna kitu kingine humo humo, perege walipungua haraka kuliko kambare. Kambare ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, anavumilia dimbwi la maji ya moto yasiyo na kina, perege hawezi, kwa hiyo mlolongo wa miiba tu unakuonyesha maziwa yanavyokauka na kuwa madimbwi. Na vyungu vya pango hilo hilo vilikutwa na mafuta ya maziwa yaliyonyonywa na udongo miaka kama 7,000 iliyopita. Watu hawakukaa kusubiri ziwa liishe, walishahamia kwenye ng'ombe na mbuzi mapema.

Kemia inaingia hapa pia, nitaipita haraka. Unachokula na kunywa kinajenga mwili wako, na kaboni ya nyasi za nchi za joto ina uwiano tofauti na kaboni ya majani ya miti, kwa hiyo jino la tembo au swala linasema alikuwa anakula nyasi au majani, na ukipima wengi unajua palikuwa mbuga wazi au msitu. Elementi ya strontimu inatofautiana kufuatana na miamba ya eneo, inaonyesha mnyama alikulia wapi. Nguruwe 131 walioliwa kwenye karamu za miaka kama 4,500 iliyopita karibu na Stonehenge, lile duara la mawe makubwa, na maeneo mengine ya aina hiyo Uingereza walipopimwa, ikaonekana wamelelewa sehemu mbalimbali za kisiwa kile, sio pale pale. Watu walikuwa wanakuja karamuni na nguruwe wao kutoka mbali, na kumtembeza nguruwe safari ndefu, kwa kweli, mtu anatakiwa awe na sababu.

Kuhusu umri, watu wengi wanadhani kila kitu kinapimwa kwa kaboni-14. Hapana. Hiyo inakatika kwenye miaka 50,000 hivi, zaidi ya hapo kaboni yenyewe inakuwa imeisha. Olduvai ilipimwa kwa majivu ya volkano yaliyolala juu na chini ya mifupa, majibu ya kwanza yalitoka mwaka 1961 yakasema karibu miaka milioni 1.75, na watu wengi walishtuka maana hawakutegemea iwe mingi hivyo. DNA nayo inaoza. Mwaka 2012 watafiti walipima mifupa 158 ya moa, wale ndege wakubwa wasioruka wa New Zealand, wakakuta nusu ya vifungo vya DNA inakatika kila baada ya miaka 521 kwenye mazingira yale. Kwenye barafu inadumu zaidi, DNA ya mamouthi (ndugu wa kale wa tembo) wa Siberia wa zaidi ya miaka milioni moja imesomwa, na udongo wa kaskazini mwa Greenland umetoa DNA ya miaka milioni mbili. Kwenye joto inawahi kuisha. Milioni 66 ya dinosaria ni ndoto, mwenye filamu yake ya kuwafufua abaki na filamu yake.

Nimewataja moa, basi tuondoe na ile imani kwamba watu wa kale walikuwa wanaishi kwa amani na viumbe wote mpaka viwanda vilipokuja. Wapolinesia, watu wa visiwa vya Pasifiki, walifika New Zealand karne ya 13. Walikuta aina tisa za moa, wakubwa wao wana zaidi ya kilo 200, ndege ambao hawakuwahi kumuona mnyama anayewinda kwa miguu miwili. Mashimo ya kupikia na majalala ya mwanzo yamejaa mifupa na maganda ya mayai yao, ya baadae hayana. Ndani ya karne mbili hivi wote wameisha, na tai mkubwa aliyekuwa anawategemea kwa chakula akaenda nao.

Ila usije ukageuza hilo kuwa sheria kwamba binadamu akifika kila kitu kinakufa. Kusini magharibi mwa Kenya wafugaji wa kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita walikuwa wanalaza mifugo kwenye mazizi, samadi ikarundikana, wakahama. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha udongo wa mazizi yale mpaka leo una fosforasi nyingi kuliko unaouzunguka, nyasi zake ni tamu, wanyamapori wanazifuata, na mavi yao wenyewe yanaendeleza ule utajiri. Maeneo ambayo mtu angesema ni nyika ambayo haijaguswa na mkono wa mtu, chini yake kuna zizi.

Na kuna jambo la mwisho ambalo watu huwa hawalijui, kwamba hii kazi sehemu kubwa inafanyika kwa wanyama waliokufa juzi. Kuanzia mwaka 1975 Anna Behrensmeyer na wenzake wamekuwa wakirudi Amboseli kuhesabu mifupa iliyolala juu ya ardhi na kuilinganisha na wanyama hai waliohesabiwa. Wanyama wakubwa, mifupa yao inafuata vizuri idadi yao ya kweli. Wadogo wanapungukiwa kila mara, wanamezwa na kusagwa, kwa hiyo ukifukua mahali ukakuta wadogo wachache inabidi ujue walikuwepo zaidi ya unavyoona. Walipima pia mfupa unavyopasuka juani hatua kwa hatua, na sasa hivyo ndo inavyokadiriwa mfupa wa kale ulikaa nje muda gani kabla ya kufukiwa. Miaka ilivyokwenda fisi wa Amboseli waliongezeka kuliko windo, wakawa wanavunja na kula sehemu kubwa zaidi ya kila mzoga, na mifupa inayobaki ardhini ikapungua ukilinganisha na ilivyokuwa miaka ya 1970. Mtu atakayefukua hapo baada ya miaka laki moja ataona tabaka lenye mifupa mingi na juu yake lenye mifupa michache, na akisahau kuangalia alama za meno ataandika kwamba wanyama waliisha.